Laki Saba

Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi,
ndivyo ilivyoandikwa,
na muhuri wa mahakama umegongwa juu yake
ukafunika herufi ya mwisho ya jina la mwanangu.
Nyemo amevaa gauni la njano. Nilimshonea usiku
kwa vipande vilivyobaki kwenye sare za kwaya,
umeme umekatika, nikamalizia kwa tochi ya simu.
Sikumshonea ili baba yake aone.
Nimesema uongo. Nilimshonea ili baba yake aone.

Nilikuwa nimemuuliza bwana Malogo, afisa ustawi,
mwenye feni inayogeuza shingo kushoto, kulia, kama mtu anayekataa:
"Mtu hajaleta hata kilo ya unga miezi kumi na minne,
leo aje kuvuna asichopalilia?"
Akavua miwani, akaifuta kwa tai.
"Mama Nyemo, deni lina daftari lake,
kumuona mtoto ni daftari jingine.
Ukimfungia baba mlango, anayebaki nje ni mtoto."
Nilitaka kumjibu. Maneno yalikuwepo,
yamepangana kama madumu kwenye bomba la Nkuhungu.
Maji hayakutoka.

Kumi na nne mara elfu hamsini.
Naijua hesabu hii kuliko sala.
Nimeipiga nikitia uzi sindanoni,
nikifuta vumbi la Agosti juu ya cherehani,
vumbi ambalo kesho yake lipo palepale.
Nimemsomea mwenye nyumba. Nimemsomea
dada yangu Sechelela kule Mpwapwa, kwenye simu, usiku,
laki saba, dada, laki saba,
nikidhani mtoto amelala.

Saa nne ikapita. Saa tano kasorobo.
Upepo ukatembeza kopo tupu la soda uani,
likaenda, likarudi.
Nikaanza kufurahi, Mungu anisamehe,
furaha ile chungu ya kuona nilisema kweli.
Ndipo akaja Chilongani,
viatu vina pumba za mahindi ya Kibaigwa,
shati limenyooshwa na mkono nisioujua,
na ndoo ndogo ya zabibu. Zabibu!
Kana kwamba Dodoma hii kuna kona zisikouzwa.
Hakunitazama. Alichuchumaa, magoti yakalia,
akanyoosha mkono
kama mtu anayepima joto la pasi.

Nyemo hakukimbilia kwake. Hakukimbilia kwangu.
Alisimama katikati ya sakafu, akauliza
kwa ile adabu anayowawekea wageni:
"Shikamoo. Umetoka Laki Saba?"

Feni ikaendelea kukataa.

"Mama husema. Ni mbali?
Kuna mvua huko?
Mbona mabasi ya huko hayapigiwi debe stendi?"

Nilitazama dirishani. Bwana Malogo
alitafuta kwenye droo kitu ambacho hakikuwemo.
Na Chilongani, mtu ninayemjua,
najua anavyocheka akibanwa, anavyogeuza maneno,
hakucheka.
"Mbali," alisema. "Njia yenyewe mbovu.
Lakini niko njiani."

Nusu ya jibu hilo ni uongo. Nusu nyingine sijui.
Wakala zabibu, wakishindana kutema mbegu
kwenye kifuniko cha ndoo.
Mimi kwenye benchi, nahesabu:
saa moja na robo, vicheko vinne,
kimoja kikubwa hadi mtoto akapaliwa,
na baba akampiga mgongoni taratibu, akijua pa kupiga.
Daftari la bwana Malogo halina safu ya hayo.
Langu pia halikuwa nayo.

Alipoaga aliweka mezani elfu thelathini,
noti zimekunjwa hadi zimekuwa laini kama kitambaa.
Risiti ikaandikwa, polepole.
Laki sita na sabini, nikasema moyoni,
ulimi ukijikwaa kwenye jina jipya la mji.

Njiani Nyemo alifumba mbegu mbili kwenye ngumi.
"Tukizipanda leo, zitaota kabla hajaja tena?"
Nikamwambia udongo wetu mgumu,
unataka maji kila siku, kila siku, si Jumamosi tu.
"Basi utamwagilia wewe," akasema,
na ngumi hakuifungua.